Kila Silinda Ipate Pumzi Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Tumeombwa kusema juu ya manifoldi, yaani lile bomba lenye matawi liingizalo hewa na petroli katika injini. Wengi wetu mafundi wa reli huombwa kazi hii jioni na wenye magari ya mashindano. Basi tusikilizane.

Injini huvuta pumzi kama mtu. Mombasa hewa ni nzito. Nairobi imepungua karibu sehemu moja katika tano, na kule Timboroa, ambako reli hupanda zaidi ya futi 9,000, imepungua zaidi ya robo. Kwa hiyo gari la mashindano huku juu halina hewa ya kupoteza.

Urefu wa matawi haukisiwi. Valvu ikifunga, hewa iliyokuwa ikikimbia hugonga na kurudi kama mwangwi, kisha huja tena. Ikikuta valvu imefunguka, huingiza hewa zaidi. Tawi refu lafaa injini izungukayo polepole, na fupi lafaa ile ya kasi. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari liitwalo 300F lenye matawi ya inchi 30. Kwa injini chache za mashindano waliyafupisha kwa ndani yakawa inchi 15.

Sasa tuungame kosa letu. Tulikuwa watatu, na mwenye gari alitaka kazi iishe kwa siku nne. Tukakata bamba la kufungia kwenye injini, tukachomelea matawi manne mfululizo, bamba likiwa halikushikwa na kitu. Joto likalipinda. Tukalikaza kwa nati tukidhani litanyooka. Tawi la nne likavuta hewa ubavuni, silinda ile ikapata petroli kidogo na joto kali, pistoni ikatoboka njiani.

Mwenye gari akakataa kutulipa hata bei ya chuma. Hapo ndipo aibu ilipoanza, maana sisi wawili wakubwa tulimtupia lawama kijana aliyeshika mwali wa gesi. Yeye akanyamaza. Lakini nani alimwambia achomelee upesi? Ni sisi. Jumatatu tulimwomba radhi mbele ya wenzake, tukagawana hasara sawasawa.

Tangu siku ile twafanya hivi. Kwanza, bamba twalifunga kwa bolti juu ya kichwa kikuukuu cha injini. Pili, twashikiza matawi yote kwa vidonda vidogo, kisha twachomelea kidogo kidogo, huku na huku, na hatufungui mpaka lipoe kabisa. Tatu, twaliweka juu ya bamba lililonyooka na kupenyeza karatasi chini yake. Ikipita, twarudi kwenye tupa. Nne, twaziba matundu, twatia hewa kidogo kwa pampu, na kupaka maji ya sabuni. Povu likitokea, kazi haijaisha.

Na la tano, ndugu zetu, si la chuma. Patana siku kabla ya kupatana bei. Kazi ikiharibika, mdogo asiachiwe mzigo peke yake. Silinda moja ikinyimwa haki yake, injini nzima husimama. Nasi katika chama ni vivyo hivyo.