TUUJUE MTI KABLA YA KUUTIA CHUNGUNI
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya kichaka kifupi ambacho wengi wetu tunakipita msituni tukienda kutafuta kuni. Majani yake ni ya kijani mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi. Ukivunja kijiti, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni meupe yenye wekundu kidogo, na yananukia vizuri. Matunda yakiiva huwa mekundu, halafu meusi. Je, ni mti gani huo?

Wengi watajibu upesi: ni mtandamboo! Ndio mukawa wa Wakikuyu na Wakamba, ochuoga wa Wajaluo, olamuriaki wa Wamaasai. Watoto wanaochunga mbuzi wanakula matunda yake, na wazee wanachemsha mizizi yake kwa supu.

Lakini ngojeni kidogo. Dalili hizo zote anazo pia jamaa yake wa ukoo mmoja, yaani msunguti: mutsungu wa Wagiriama, kivai cha Wakamba, muricu wa Wakikuyu, olmorijoi wa Wamaasai. Huu ndio mti ambao wawindaji wa zamani walipikia sumu ya mishale. Sumu hiyo inashika moyo, na iko katika magome, mizizi, miti na majani.

Basi tutawatofautisha namna gani?

1. Tutazame miiba. Mtandamboo una miiba mirefu, migumu, yenye ncha kali. Msunguti hauna mwiba hata mmoja.

2. Tutazame majani. Ya mtandamboo ni madogo. Ya msunguti kwa kawaida ni makubwa zaidi, manene, magumu kama ngozi.

3. Tuulize wazee, tena zaidi ya mmoja, kwa lugha ya mama. Mzee akitaja sumu ya mishale, hapo hapo tuache.

Hatari kubwa iko kwenye mizizi. Mzizi ukishachimbwa na kukatwa vipande, mwiba hauonekani tena, wala jani. Kwa hiyo kikundi kinachouza dawa au supu kiwe na sheria moja: mzizi usiokuja na tawi lake lenye miiba, hatununui na hatupiki. Na tusichomee nyama kwa vijiti vya mti tusioujua.

Mkibaki na shaka, chukueni tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo. Litandazeni kati ya magazeti, wekeni mawe juu, mbadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Andikeni mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya utomvu na jina la kienyeji. Mpeleke kwa afisa wa misitu, au Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa, ambako kuna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki.

Na mtu akishakula asichokijua, tusipoteze wakati kwa maziwa au mitishamba. Akimbizwe hospitali, na tawi la mti huo liende pamoja naye ili daktari alione.

Jumamosi hii kila kikundi kiende msituni na mzee mmoja na watoto wote. Watoto washike ule mwiba kwa mikono yao. Wao ndio wanaokula matunda kabla sisi hatujafika.