MOYO WA MAMA MZAZI NI SUALA LA HAKI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Ngulyati, Bariadi





Mmezoea kuisikia Tume ya Haki na Amani ikisema juu ya mashamba, mirathi na mahabusu. Leo nimeombwa niseme juu ya moyo wa mama mjamzito na wa mama aliyejifungua. Pengine mtu atauliza: je, hilo si jambo la madaktari na wauguzi? Nitajibu kwa mfano ambao sisi wa Usukumani tunauelewa bila kufafanuliwa.

Mama kijana amejifungua salama. Baada ya majuma machache anaishiwa pumzi, hawezi kulala chali, miguu imevimba. Siku moja anaanguka na kufariki. Kabla matanga hayajaisha watu wanaulizana: nani amemroga? Mara nyingi jibu humwangukia bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni alikowapikia watoto wetu miaka yote. Hivyo nyumba moja humpoteza mama, na nyumba ya pili humpoteza bibi. Hapo ugonjwa umekwisha kuzaa dhuluma.

Tuutazame basi ukweli wa jambo lenyewe. Katika ujauzito damu ya mama huongezeka kwa theluthi moja hadi nusu ya kiasi alichokuwa nacho, na moyo hulazimika kuusukuma mzigo huo usiku na mchana. Tena damu huganda upesi zaidi, ili mama asitokwe na damu nyingi anapojifungua. Faida hiyo ina hatari yake, kwani donge la damu laweza kuziba mshipa. Hali hizi haziishi siku ya kujifungua. Mwili huhitaji majuma kadhaa kurudia hali yake. Kutokana na hayo ziko hatari nne.

Kwanza, shambulio la moyo. Mshipa unaoulisha moyo huziba, au ukuta wake huchanika kwa ndani. Ni jambo la nadra kwa wanawake wa umri wa kuzaa, lakini uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba ujauzito huzidisha hatari hiyo mara tatu hadi nne. Kuchanika kwa mshipa kwaweza kumpata hata mama ambaye hajapata kuugua moyo.

Pili, kulegea kwa misuli ya moyo. Ugonjwa huu huanza mwishoni mwa ujauzito au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Hatari yake kubwa ni kwamba dalili zake hufanana na uchovu wa kawaida wa mzazi.

Tatu, shinikizo la damu la ujauzito. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya juma la 20, mama yumo hatarini, na hali yaweza kufikia kifafa cha mimba, hata baada ya kujifungua. Aliyepata kifafa hicho au dalili zake za awali hubaki na hatari ya ugonjwa wa moyo ya karibu mara mbili katika miaka ya baadaye. Kwa hiyo aendelee kupimwa shinikizo maisha yake yote.

Nne, valvu za moyo zilizoharibika tangu utotoni kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Msichana huishi bila kujua, mpaka mimba inapoufichua udhaifu huo.

Ndugu zangu, vifo hivi visiitwe majaliwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai; ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Kilichowezekana kwa wengi chawezekana kwa waliobaki.

Papa Yohane wa XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Lakini haki hiyo huanzia nyumbani. Mama anayepalilia pamba mpaka siku ya uchungu ameonewa. Mama anayesema kifua kinambana, akaambiwa angoje mume arudi mnadani ndipo nauli itolewe, ameonewa. Mkwe anayeitwa mvivu kwa kuwa anahema akibeba ndoo, naye ameonewa.

Tujifunze basi dalili: maumivu au kubanwa kifua yanayoenea mkononi, mgongoni au tayani, kukosa pumzi, hasa akilala, moyo kwenda mbio, kuzimia, kuvimba uso na mikono, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Mwenye dalili hizi asingoje asubuhi. Apelekwe kituo cha afya, aseme wazi kwamba ni mjamzito au amejifungua karibuni, na apimwe shinikizo. Kwa usafiri wa dharura wa wazazi ipo namba 115 ya mpango wa m-mama. Ikibidi, kutoka Bariadi atapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Nawaomba kila Jumuiya iwajue wajawazito wake kwa majina, iwatembelee hata baada ya kujifungua, na iweke akiba ndogo ya nauli. Msiba ukitokea, viongozi wawe wa kwanza kusimama kati ya uvumi na bibi kizee. Yeye pia alikuwa mama mzazi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Katika nyumba zetu, nani huamua mama aende hospitali? Je, ni haki?
2. Tumewahi kumtuhumu mtu kwa kifo ambacho huenda kilikuwa ugonjwa wa moyo? Tufanye nini sasa?
3. Mama akizidiwa usiku wa leo, nani atampeleka, kwa chombo gani, na kwa fedha ipi?