Penye dhahabu, usidharau mchicha

Katika mazungumzo yetu ya wiki hii nataka tutazame jambo ambalo wengi wetu hulisikia na kulipuuza, nalo ni raha ya kuishi kwa kipimo. Nasema raha, sisemi adhabu. Mtu akitajiwa kubana matumizi, aghalabu picha inayomjia ni ya mzee aliyekunja uso, anayekula ugali kwa chumvi huku noti zimelala chini ya godoro. Huyo ni bahili, na habari zake si zetu leo.

Mimi naishi Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Wewe uliye Dar es Salaam, Mwanza au Arusha huenda hupajui Bugarama, lakini jina la Bulyanhulu bila shaka umelisikia. Sisi ni majirani wa mgodi huo. Kwetu dhahabu si hadithi ya redioni. Kila mtu anamfahamu mtu aliyewahi kuipata, na kila mtu anamfahamu mtu aliyeipata ikamponyoka. Kijana anashuka duarani Jumatatu hana hata nauli. Ijumaa mawe yamekubali, anaagiza bia kwa kreti na kuwanywesha hata asiowajua majina. Jumatatu inayofuata yuko dukani anaomba unga kwa mkopo. Ukimwuliza, anakujibu kwa methali: ponda mali, kufa kwaja.

Tusimcheke haraka. Mtu anayefanya kazi chini ya ardhi, akijua kuwa ukuta wa duara unaweza kumfunika wakati wowote, si ajabu akiipenda leo kuliko kesho. Tena fedha yake haina tarehe. Mwenye mshahara anajua mwisho wa mwezi upo. Mwenye duara hajui kama ni wiki hii au mwakani. Fedha isiyo na tarehe huonekana kama zawadi, na zawadi haiwekewi bajeti. Taabu ni moja tu: kifo alichokitaja hakikuja, kesho yake kaamka mzima, na ana njaa.

Basi tutazame historia ya ukanda wetu huu, maana dhahabu nayo ina kalenda yake. Mgodi wa Geita wa enzi za mkoloni ulianza mwaka 1936, ukafungwa mwaka 1966. Hapa Bulyanhulu, wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa kwa maelfu hadi Serikali ilipoamuru waondoke, mwezi Agosti 1996. Mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Machi 2017 Serikali ikazuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, na kabla mwaka huo haujaisha mgodi ulikuwa umepunguza kazi na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani. Uzalishaji ulirejea mwaka 2020, baada ya Serikali na kampuni ya Barrick kukubaliana na kuunda kampuni ya Twiga. Na jirani zetu wa Buzwagi, pale karibu na mji wa Kahama, mgodi wao ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukafika mwisho. Miaka 12! Mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi alikuwa hajamaliza hata shule ya msingi.

Sisemi haya ili kuibeza migodi. Mgodi umeleta ajira, maduka na wapangaji. Ninachosema ni kwamba mtu anayepanga maisha yake yote juu ya kitu chenye mwisho, bila kujua mwisho huo ni lini, amejenga juu ya kifusi.

Sasa, ndugu msikilizaji, kuna watu wanaodhani kuweka akiba ni elimu iliyoletwa na wataalamu wa semina. La hasha. Wasukuma wana kitu kinachoitwa ngitili. Ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, majani yakue, ili kiangazi kikishika kuwe na pa kulishia ndama na ng'ombe dhaifu. Hiyo ni akiba, tena ya majani, kabla benki haijafika huku. Mkoa huu ulipokatwa miti hadi Mwalimu Nyerere akauita jangwa la Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudishia watu desturi yao hiyohiyo. Ngitili zilizobaki wakati ule zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Nchi ilipona kwa kufunga kidogo na kusubiri.

Jikoni nako ni hivyo hivyo. Viazi vitamu vikivunwa, hukatwa vipande vikaanikwa vibichi, tukapata michembe. Au huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, tukapata matobolwa. Majani ya kunde huanikwa yakawa nsansa, mboga ya kiangazi. Mama anayechemsha michembe na karanga mwezi Oktoba, wakati ardhi imepasuka kwa ukame, hali chakula cha shida. Anakula mvua ya Machi.

Nikija kwenye bustani, mimi nina kipande nyuma ya nyumba kisichozidi hatua kumi kwa sita. Udongo wetu hapo ni luseni, ule wa kichanga, ambao ukiumwagia maji unayaaga mara moja. Dawa yake ni samadi, na katika nchi ya wafugaji samadi haina bei kubwa: ukiwa na toroli na jirani mwema, umemaliza. Iache ioze vizuri, maana mbichi huunguza miche. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu ndipo zikasambaa sawasawa. Baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Matembele hayahitaji hata mbegu, unachomeka kipande cha mche na kinashika. Bamia, nyanya chungu na mgagani vinafuata kwa zamu zake.

Asiye na uwanja, kama mpangaji wa chumba kimoja, atumie gunia. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo wenye samadi pembeni, kisha ulivute kopo juu, ujaze tena, hadi ufike mdomoni. Zile kokoto zinabaki kama mshipa wa kupitisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, upande miche. Gunia moja mlangoni halitashibisha familia ya watu wanane, lakini litakuondolea safari kadhaa za sokoni.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni maji. Maji ya kuoshea mchele na mboga yapelekwe bustanini, yasimwagwe uani. Lakini kiangazi, ikiwa unanunua maji ndoo kwa ndoo, piga hesabu kwanza, maana mchicha wako unaweza kukugharimu kuliko wa sokoni. Wakati huo kula nsansa, uache ardhi ipumzike. La pili ni kubwa zaidi. Usilime mboga karibu na mwalo wa kuoshea dhahabu, wala usichukue udongo wa hapo kujazia gunia lako. Zebaki wanayotumia wachenjuaji haionekani kwenye jani, na wala haiondoki kwa kuoshwa. Bustani iliyokusudiwa kulinda watoto isije ikawa ndiyo inayowadhuru.

Sasa tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme, kwa mfano, nyumba inatumia shilingi 1,000 kwa siku kununua mboga. Kwa wiki ni 7,000. Tuseme tena, kwa uaminifu, kwamba bustani inailisha nyumba hiyo nusu ya mwaka tu, wiki 26. Fedha hiyo isipookolewa makusudi haitaonekana. Itayeyuka kwenye soda na vocha za simu. Hapo ndipo inapoingia kazi ya kikundi.

Vikundi hivi vya hisa vimeenea nchi nzima. Mtindo wake ulianza Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika hadi kwetu. Watu kati ya 15 na 30 hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Fedha huwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, wala hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Hesabu hutajwa mbele ya wote, kwa sauti. Mikopo hutolewa humohumo, riba inarudi kwa wanachama wenyewe, na mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Hivi sasa ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayovitaka vikundi hivyo vijisajili. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kabla hujakabidhi fedha zako, maana siku hizi wapo matapeli nao wanaojiita kikundi.

Basi zile 7,000 za mboga, weka hisa tatu za shilingi 2,000, na ile 1,000 iende mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye ugonjwa na msiba. Kwa wiki 26 una hisa 78, sawa na shilingi 156,000, mbali na faida. Si utajiri. Lakini ni sare za shule na madaftari, au mabati kadhaa, au mbuzi wawili watatu. Na hayo yote yametoka kwenye hatua kumi kwa sita.

Nasikia mtu akisema: wewe unawahubiria maskini wajibane, wakati wenye nacho wanakula. Hoja hiyo ina haki yake. Bustani haichukui nafasi ya ujira wa halali, wala mchicha haulipi fidia ya ardhi iliyochukuliwa. Mwajiri asiyelipa asije akasimama mbele ya wafanyakazi wake na kuwaambia walime matembele. Na yupo mtu ambaye hana hata hiyo 1,000 ya kuanzia, wala pa kuweka gunia. Huyo anahitaji kusaidiwa, hahitaji kuhutubiwa. Mimi nasema na yule ambaye anacho kidogo, kinapita mkononi mwake kila siku, naye haoni kilikopita.

Tena nina neno kwa akina baba wenzangu. Mara nyingi bustani ni jasho la mama na hisa ni za mama, lakini siku ya kuvunja kikundi baba ndiye wa kwanza kuuliza kitabu kiko wapi. Mwaka mzima hakushika hata ndoo ya kumwagilia. Mwenzangu, kama unataka sauti kwenye mgawo, anza kwenye kumwagilia. Nyumba ambayo mume na mke wanahesabu pamoja, hata ikiwa na kidogo, ugomvi wake hupungua. Na ugomvi nao ni gharama.

Niliahidi kuzungumzia raha, sasa niitaje. Raha ya kwanza ni ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, ukiwa na ndoo na kopo, hakuna anayekudai wala anayekutuma, na miche iliyokuwa imeinama jana imesimama. Raha ya pili ni kumchumia jirani fungu la mboga bila kuuliza bei, kisha jioni mtoto wake akaletwa na bakuli la maziwa ya mgando. Na raha ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni usingizi. Uvumi wa mgodi kupunguza watu ukipita, na hapa kwetu hupita mara nyingi kuliko mvua, unaweza kuusikia, ukasikitika pamoja na wenzako, kisha ukalala. Siku hiyo kuna mboga nje, kuna michembe kwenye kihenge, na kuna jina lako kwenye daftari la kikundi. Miezi miwili au mitatu utaweza kuvuka bila kuuza kitanda wala kumtoa mtoto shuleni.

Kijana wangu wa duarani, sikukatazi kufurahi siku mawe yakikubali. Kunywa bia yako moja, mnunulie mama yako khanga. Lakini kabla kreti haijafunguliwa, pitia kwenye kikundi ununue hisa zako tano. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lako wewe hujui ni la ukubwa gani.

Ndugu msikilizaji, mvua za kwetu huanza mwezi Novemba. Samadi ya kutiwa bustanini wakati huo inatakiwa kuanza kuozeshwa miezi kadhaa kabla. Mwenye toroli na asogee. Kwa leo naishia hapa.