Matombo, 1955: Nani Alisema Kweli?

Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo, mashariki mwa milima ya Uluguru, waliukataa hadharani mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, mpango ukavunjwa. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza tukiuliza kwa nini. Maofisa walisema udongo unamomonyoka na mito inajaa matope, na walisema kweli; tena si jambo dogo, maana Ruvu inayoinywesha Dar es Salaam huchota maji huko. Wakasema pia wanasiasa wamechochea, na chama cha TANU kweli kilivuna wafuasi humo. Mkulima naye akasema matuta yanafukua udongo usiozaa na kufukia wenye rutuba, tena yanamaliza siku za kazi. Kweli tupu. Lakini Mgeta, upande wa pili wa milima hiyo hiyo, ambako mboga za kumwagilia zililipa jasho, matuta hayakuchukiwa kiasi hicho.

Hapa basi hakuna mwongo wa kumkamata, na ndipo penye ugumu. Tumezoea kudhani ukweli ukipungua, kuna mtu kauficha. Mara nyingi kila mtu kasema kile ambacho kazi yake ilimzoesha kukitazama: bwana shamba mteremko, mkuu wa wilaya utii, mkulima chakula cha mwakani. Utaniambia: zikusanywe kauli zote, ukweli utatimia. Watafiti Roland Young na Henry Fosbrooke walijaribu katika kitabu chao cha 1960 kuhusu mkasa huu, kazi ya kuheshimika (ingawa hata chenyewe kilitoka kwa majina mawili, Uingereza kikitaja ardhi na siasa, Marekani moshi wa milimani). Tatizo ni kwamba kauli hukusanywa palipokuwa na karani. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, na wanawake walishika jembe. Faili za wilaya waliziandika wanaume.

Je, kila mtu ana ukweli wake? Hata kidogo. Risasi ya Matombo si mtazamo. Anayesema mmomonyoko haukuwapo anakosea, na anayesema Waluguru walikuwa wavivu anakosea zaidi. Na sauti ambazo karani hakuziandika bado zaweza kusikika: binti wa miaka 20 wakati ule sasa ana 90 hivi. Wenye bibi zao Matombo na Kinole, nendeni mkawaulize mwaka huu, na mkiandika jibu, liandikeni na swali mlilouliza.