ALIYESOMA NI MALI YA WOTE
Hotuba kwa wanafunzi wa vyuo na wahitimu waliokutana Endebess, Trans Nzoia



Mmenipa swali moja nilijibu. Mwanafunzi na mhitimu wanaweza kufanya jambo gani la maana mahali walikolelewa? Nitaanza kwa kuwakumbusha jambo ambalo wazazi wenu walioketi hapa wanalijua. Zamani, barua ilipofika kijijini kutoka Nairobi au Mombasa, mara nyingi haikusomwa na yule aliyeandikiwa. Ilipelekwa kwa mtu mmoja aliyemaliza darasa la saba. Aliisoma kwa sauti, polepole, akaifasiri kwa lugha ya mama mwenye barua, kisha akashika kalamu na kuandika majibu kama alivyoagizwa. Hakuongeza lake wala hakupunguza. Siri ya nyumba hakuipeleka sokoni. Wala hakuuliza kwanza kama mwenye barua alikuwa Mbukusu, Msabaoti, Mturkana au Mkikuyu. Mtu huyo alikuwa mali ya wote.

Leo barua zimepungua, lakini karatasi zisizosomwa zimezidi. Kuna karatasi za bajeti ya kaunti, za mashamba, za basari, za zabuni na za mahakama. Mwenye kutaka kuwadhulumu wananchi hana haja ya kuzificha. Inamtosha ziandikwe kwa Kiingereza kigumu na kubandikwa mahali pasipopita mtu. Basi hoja yangu ni hii: kazi ya kwanza ya msomi nyumbani kwao ni kuwasomea wasiosoma na kuandika yaliyo kweli. Uongozi, vyeo na siasa vitafuata au havitafuata. Kazi hii haingoji.

KALAMU IMEWAHI KUTUUMIZA

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba elimu yenyewe ni wema. Tarehe 29 Oktoba 1991, katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi ya wakati huo, kulizuka mapigano ambayo serikali iliyaita ya kikabila. Nchi nzima ilikuwa ikidai vyama vingi, na kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa Desemba mwaka huohuo. Moto ule ulisambaa. Ulifika Trans Nzoia, ukafika hapa Endebess, ukapanda Mlima Elgon na kushuka hadi Bungoma. Wamo katika mkutano huu watu waliokimbia usiku wakiwa wamebeba watoto na sufuria moja.

Mwaka 1992 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu watu 779 waliouawa na wengine 54,000 waliofukuzwa makwao. Ripoti yake ilitaja wakubwa, na Bunge, lililokuwa limechaguliwa kwa mlolongo wa 1988, likaikataa.

Tunakumbuka mishale. Tunasahau kwamba mahali pengi katika Bonde la Ufa mishale ilitanguliwa na karatasi. Vilisambazwa vipeperushi vya kuwaamuru watu wa makabila fulani wahame. Jiulizeni: ni nani aliyeviandika? Si mchungaji wa ng'ombe asiyejua kusoma. Kalamu ile ilishikwa na mtu aliyekwenda shule, pengine kwa karo iliyochangwa na majirani walewale aliowaandikia waondoke.

Katika mwaka huohuo wa 1992 vijana wengi werevu waliingia katika kundi la YK'92 kuipigia debe KANU. Fedha zilimwagwa hata noti ya shilingi 500 ikapewa na wananchi jina la mwenyekiti wa kundi lile. Bei ya vitu ikapanda na shilingi ikaanguka. Waliokula walikuwa wachache. Waliolipa ni mkulima wa mahindi na mama wa sokoni. Sisemi haya ili kufukua makaburi. Nasema ili kila mmoja wenu ajue kwamba mtu atamjia, akiwa na bahasha au ahadi ya kazi, na atakachotaka kununua ni ile kalamu.

Tazameni pia jirani yetu Mlima Elgon. Ugomvi wa ardhi ya Chebyuk ulihusu orodha: nani ameandikwa kupata kiwanja na nani jina lake limeachwa au limefutwa. Kutokana na ugomvi huo likazuka jeshi la SLDF mwaka 2006, likaua mamia ya watu na kuwakata masikio wengine. Machi 2008 serikali ilipeleka wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na hapo vijana wengi wakateswa au wakapotea hata leo. Orodha iliyoandikwa kwa hila ilizaa vilio katika nyumba za pande zote.

KALAMU IMEWAHI PIA KUTUTETEA

Lakini mlima huohuo una ushuhuda mwingine. Waogiek wa Chepkitale walipoteza ardhi yao ilipofanywa hifadhi ya wanyama. Hawakuwa na bunduki wala fedha. Wazee waliijua mipaka ya koo na miiko ya msitu kwa vichwa vyao. Jamii hiyo ikakaa na kuiandika miiko ile kuwa sheria ndogo: jinsi ya kulinda miti na maji, na nani ana haki ya kulisha wapi. Kisha wakaenda mahakamani. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii yao. Wazee walileta maarifa, na walioweza kuandika wakaleta mikono.

Kadhalika katika uchaguzi wa 1997, makanisa na mashirika ya kiraia yaliweka waangalizi wa humu nchini zaidi ya 20,000 katika vituo vya kura. Kazi yao ilikuwa kukaa, kutazama, kuhesabu na kuandika. Hakuna aliyewapigia makofi. Hata hivyo nchi ilijifunza kwamba kura ina mashahidi.

Na mwaka 2024 nyinyi wenyewe mliufundisha ukoo mzima wa wanasiasa. Mswada wa Fedha ulikuwa kitabu kizito. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama kupitia simu. Tarehe 25 Juni waliandamana hadi Bungeni, na siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Gharama ilikuwa damu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa katika maandamano ya majira hayo kuwa si chini ya 50. Tuwaheshimu kwa kuendeleza kile walichokianza, nacho kilianza kwa kusoma.

BASI TUFANYE NINI?

Katika Kitabu cha Nehemia kuna mambo mawili ambayo ningependa myachukue. La kwanza, walipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, wengi walijenga sehemu iliyoelekeana na nyumba zao. La pili, sheria iliposomwa mbele ya umati, Walawi walisimama kati ya watu wakaeleza maana yake hadi watu wakaelewa. Sheria iliyosomwa bila kueleweka ni kelele tu.

Kwanza, kila wadi iwe na kikundi cha wasomaji. Watu sita wanatosha, mradi watoke katika makabila na makanisa tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Andikeni tarehe hizo ukutani kanisani. Karatasi ikitoka, tafuteni kurasa za wadi yenu, mzifasiri, mzisome baada ya ibada na siku ya soko. Ikiwa imeandikwa kwamba daraja limejengwa, nendeni mkalitazame. Msiseme limeibwa kabla hamjafika mtoni.

Pili, ombeni habari kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa anapaswa kujibu katika siku 21. Inamtaka pia amsaidie yule asiyeweza kuandika. Akinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Anzeni na jambo linalowagusa wenyewe: ombeni orodha ya waliopata basari. Najua ni jambo gumu, kwa sababu huenda katika orodha hiyo mkakuta jina la ndugu wa mmoja wenu, hali mtoto wa mjane alirudishwa nyumbani. Msomi anayeuliza habari za wengine tu, za kwake akazifunika, hana tofauti na anaowalaumu.

Tatu, tunzeni kumbukumbu za ardhi. Mashamba mengi ya walowezi katika Trans Nzoia yalinunuliwa na vyama na kampuni za wananchi. Walionunua hisa walipewa stakabadhi. Wengine walikufa kabla ya kupata hatimiliki, stakabadhi zikabaki katika sanduku la bati zikiliwa na mchwa. Nendeni kwa bibi na babu zenu. Pigeni picha kila karatasi, andikeni majina ya warithi wote pamoja na mabinti, andikeni waliokuwa majirani wa mpaka. Msijifanye mawakili. Palipo na kesi mtafuteni wakili au ofisi za kanisa zinazoshughulikia haki na amani. Lakini wakili asiye na karatasi hana la kusema.

Nne, vunjeni kipeperushi kabla hakijapaa. Siku hizi hakibandikwi mtini. Hupita katika simu kwa dakika moja. Ujumbe ukifika wa kulitukana kabila au kulitishia, usiusambaze hata kwa kushangaa. Mpigie simu mwenzako wa kabila linalotukanwa, mwende pamoja kwa wazee na kwa mchungaji. Mwaka 1991 na mwaka 2008 hapa Endebess urafiki wa namna hiyo ulikosekana pale ulipohitajika. Haujengwi siku ya moto. Hujengwa katika kikundi cha wasomaji, katika kwaya, katika timu ya kandanda na katika kuzikana.

MAONYO MAWILI

La kwanza ni kiburi. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ukirudi nyumbani na kuwahutubia wazee kama watoto wa shule, watakusikiliza kwa adabu na hawatakuja tena. Kaa kwanza, uliza, sikia. Mzee asiyejua kusoma anajua nani alichimba kisima, nani alihamisha jiwe la mpaka na mwaka gani mvua ilikosa. Wewe una herufi; yeye ana habari. Pasipo habari, herufi zako ni mapambo.

La pili ni hofu, nami sitaidharau. Wako waliokamatwa na wako waliopotezwa kwa kuuliza maswali. Kwa hiyo msiende peke yenu. Barua iwe na sahihi nyingi, nakala ibaki kanisani, na viongozi wetu wa dini wajue mmekwenda ofisi gani na saa ngapi. Nanyi watumishi wa Mungu, nawaomba mbele ya mkutano huu: msiwaache vijana hawa mlangoni. Wakati ule wa chama kimoja, mimbari ilisema pale ambapo midomo mingine ilikuwa imefungwa. Isinyamaze sasa kwa sababu ya mchango wa harambee.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi wenu mtakwenda Nairobi, wengine ng'ambo, na nendeni kwa heri. Wengine wenu mna shahada na hamna kazi, na mnaona haya kuonekana mkilima. Msione haya. Taifa limewanyima ajira, lakini hakuna serikali iwezayo kuwanyima kazi hii. Jumamosi ijayo kuna mama katika mtaa wako mwenye karatasi asiyoielewa. Iko chini ya godoro, na anaogopa kuuliza kwa kuwa mara ya mwisho aliyeuliza alilaghaiwa. Nenda ukaisome. Isome yote, kwa lugha yake, pasipo kuongeza wala kupunguza. Kisha muulize anataka tujibu nini.

Mungu awabariki, na ailinde Endebess yetu.