Topetope: Tunda Lisilongoja

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya tunda wanalolijua sana watoto, lakini wakubwa wengi hawalihesabu kuwa ni mali: yaani topetope. Mahali pengine huitwa tomoko. Ndugu yake mkubwa, mwenye miiba laini na utamu uliochanganyika na ukali, ni stafeli. Hayo mawili asili yake ni nchi za joto za Amerika. Bali mtopetope mwitu ni mzaliwa wa Afrika. Huota katika misitu ya miombo, na wachungaji hula matunda yake madogo ya manjano.

Twasema habari hii hasa kwa ajili ya watu wa Itaka, katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, na wote waishio kama wao. Katika nyanda za Mbozi kahawa na mahindi ndiyo mazao makubwa, na mti wa matunda ni mti wa uani tu. Masoko yao ni Mlowo, Vwawa, na Tunduma mpakani. Kahawa iliyokauka yaweza kumngoja mnunuzi, na mahindi hungoja ghalani. Lakini topetope halingoji. Likisha kuchumwa, baada ya siku tatu hata tano hulainika, na baada ya hapo huoza. Mama akipakia beseni lililojaa juu ya pikipiki, akafika sokoni na uji badala ya matunda, amepoteza fedha ya daftari za watoto. Basi swali letu ni hili: tufanyeje ili tunda hili lifike kinywani au sokoni likiwa zima?

Kwanza tuseme faida yake, maana mtu hatunzi kitu asichojua thamani yake. Gramu 100 za nyama ya topetope zina miligramu zipatazo 36 za vitamini C, na mtu mzima ahitaji miligramu zipatazo 45 kwa siku. Vitamini hii hulinda ufizi usitoke damu kwa ugonjwa wa kiseyeye, na husaidia vidonda kupona. Tena husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, ambayo ni ya lazima kwa damu. Kwa hiyo ni vema mtoto aliyekula ugali na maharage apewe na kipande cha tunda pamoja na chakula chake, siyo siku nyingine. Pia topetope lina nyuzinyuzi za kulainisha choo, na sukari ya kutia nguvu. Lakini kwa sababu ya sukari hiyo, mwenye kisukari ale kidogo, kwa shauri la mganga wake.

Hapa yatupasa kusema neno zito. Siku hizi wako watu wasemao kwamba majani ya mstafeli huponya saratani. Twawaambia wazi: hakuna uthibitisho kwamba yamemponya binadamu. Mwenye uvimbe asiokoe nauli kwa kunywa majani nyumbani. Aende hospitali mapema, maana saratani nyingi hutibika zikigunduliwa mapema, na siku zikipita huwa vigumu. Zaidi ya hayo, mwaka 1999 madaktari katika kisiwa cha Guadeloupe walieleza habari za wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, ambao wengi wao walikuwa wakila sana matunda ya jamii hii na kunywa chai ya majani yake. Haikuthibitishwa kwamba tunda liliwaletea maradhi hayo, wala hatusemi msile topetope. Bali yatosha kutuonya tusifanye majani kuwa kinywaji cha kila siku.

Mbegu nazo ni sumu. Mtoto azitupe, asizitafune. Wengine huzisaga wapake kichwani kuua chawa. Unga huo ukiingia machoni huyaunguza vibaya. Chawa zina dawa nyingine, lakini jicho halina badala.

Sasa tuje kwenye kazi ya kulinda tunda. Kazi hiyo huanza mtini. Topetope lililokomaa huonyesha dalili: vifundo vya ngozi yake huachana, na nafasi iliyo kati yake hugeuka kuwa nyeupe au manjano kidogo. Stafeli nalo miiba yake huachana na kulainika, na rangi yake huacha kung'aa. Ukichuma kabla ya dalili hizo, tunda halitakuwa tamu hata ulivundike namna gani. Litageuka jeusi na gumu. Ukichelewa, litapasuka na kuanguka, nao ndege na popo watakutangulia. Matunda ya mti mmoja hayakomai siku moja, basi mti utembelewe mara kwa mara, wala usitikiswe.

Chuma asubuhi, umande ukisha kukauka, kabla jua halijawa kali. Kata kwa kisu kikali au mkasi, uache kikonyo kifupi, kwa maana tunda lililonyofolewa huacha jeraha, na jeraha ni mlango wa kuoza. Weka kivulini mara moja.

Kisha chagua. Waswahili husema, samaki mmoja akioza, wote huoza. Kwa matunda maneno hayo ni kweli kwa njia mbili. Tunda bovu huambukiza mengine ukungu. Na tunda lililoiva hutoa hewa isiyoonekana ambayo huyaamsha mabichi kuiva upesi. Hewa hiyo hutoka hata katika ndizi mbivu. Basi ukitaka kuvundika, weka topetope pamoja na ndizi mbivu. Ukitaka likae, litenge nazo.

Katika kupakia, acha beseni na gunia. Tumia kreti au tenga pana lisilo na kina, tandika nyasi kavu au majani ya mgomba, upange matunda safu moja, au mbili zilizotengwa kwa nyasi. Peleka sokoni yale yaliyokomaa yakiwa bado magumu, ili yaivie kwa mnunuzi. Yaliyoiva tayari yabaki nyumbani yaliwe na watoto. Hiyo si hasara, ni chakula.

Msidhani kwamba baridi kali ni rafiki wa tunda hili. Topetope bichi likiwekwa katika baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi, ngozi huwa nyeusi na nyama haiivi vizuri. Kwa hiyo jokofu halifai kwa mabichi, wala barazani usiku wa baridi ya Juni na Julai. Lakini siku za joto kavu, vyungu viwili vyafaa: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, ukimwagiwa maji kila siku, na kitambaa kibichi juu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliwafundisha wakulima wa kwao njia hii katika miaka ya 1990, na gharama yake ni udongo na maji tu.

Yako pia maadui wa shambani. Nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2003, naye hutaga mayai ndani ya matunda ya namna nyingi. Matunda yaliyoanguka yasiachwe chini ya mti. Yazikwe kina cha nusu mita, au yafungwe katika mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani mpaka funza wafe.

Na yaliyolainika sana? Menya, toa mbegu zote, uchanganye nyama na maji yaliyochemshwa yakapoa, ukanywe siku hiyo hiyo. Nyama yenyewe usiichemshe, maana huwa chungu, na moto huharibu vitamini.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi, ila mkono mpole na jicho la kuangalia. Wanafunzi, jioni hii utazameni mti ulio karibu nanyi, mwone kama vifundo vya matunda vimeanza kuachana. Nanyi wazazi, tengenezeni tenga kabla ya siku ya soko.

Kwaherini.