Umesota, Sasa Umeitwa Kazini
Msikilizaji, hongera! Miaka mitatu umesota, na Jumatatu unaanza kazi. Najua usingizi haupatikani, na shati lile lile umelipiga pasi mara mbili. Lakini piga hesabu ya nauli kwanza: mshahara uko mwisho wa mwezi, na konda wa daladala hakopeshi. Mweleze ndugu mapema kuwa utahitaji nauli, usione haya.

Ukifika, omba maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe. Kuhusu makato, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara. Wewe hukatwi zaidi ya 10.

Kompyuta zimebadilika katika miaka hiyo mitatu? Uliza siku hiyo hiyo, wakati bado wanakuita mgeni.